Kinga ya Baba: Safari ya Kipushi Mpaka Lubumbashi



Mwezi huu sitawapeleka mbali. Njia ninayotaka kuwaeleza ni fupi, karibu kilometre 30 tu, toka Kipushi mpaka Lubumbashi. Wengi wenu munaijua. Mimi pia niliipita mara nyingi, kwa taxi na kwa miguu. Lakini mwezi wa saba, mwaka wa 2025, niliipita pamoja na kijana mumoja wa kanisa, tukisukuma kinga ya marehemu baba yake, na njia ile ilinifundisha jambo ambalo sikulipata kwenye masomo ya Biblia.

Kijana huyu alikuwa na miaka 16. Jina lake nitaliacha. Ni mwana wa mwisho wa mama mujane. Baba yake alikuwa mutu murefu sana. Kanisani aliinama kupita mulangoni. Alikuwa akifanya kazi chini ya udongo, ndani ya mugodi wa Kipushi. Mugodi uliposimama mwaka wa 1993, hakuketi nyumbani kulia. Alitafuta kinga moja kubwa, nyeusi, ya kutoka China, na toka siku ile akageuka mutu wa njia: makala kwenda Lubumbashi, bunga kurudi Kipushi. Alifanya hivi karibu miaka 30. Watoto sita walikula bukari na kuingia masomo kwa nguvu ya magurudumu yale mawili. Leo mugodi umefunguka tena. Tangu mwaka wa 2024 unatoa zinki. Lakini yeye hakuona siku hiyo. Bwana alimuita mwaka wa 2022.

Wakati wa kugawanya vitu vyake, wakubwa wa jamaa walisema: kinga ni ya mutoto wa mwisho, ipate kumulipia masomo. Wote wakaitika. Mimi pia nilikuwa pale, nikaomba na kubariki.

Sasa nataka kuwaambia kosa langu. Mwanzo wa mwaka wa 2024 kijana alinifuata kisha ibada, akasema: «Pasta, kinga ya baba inanishinda.» Nilimuweka mukono begani, nikamujibu: «Vumilia, mwanangu. Utakua, itakuenea.» Nikamuonyesha mistari juu ya uvumilivu. Sikutoka inje kumuona akipanda. Kama ningetoka, ningeona kwamba hakuweza kuketi kitini na kufikisha miguu yote kwenye pedali. Alikuwa akizunguka huku na huku, mara kiuno kushoto, mara kuume, kama mutu anayepita kwenye matope.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule, alikuwa njiani na mifuko miwili ya makala. Kamyo moja ilimukaribia sana. Akataka kusimama. Muguu ulitafuta udongo, haukuupata. Kinga ikaanguka, mifuko juu, yeye chini. Mufupa wa mukono ulivunjika, akapoteza miezi mingi ya masomo. Nilimutembelea nyumbani, na yeye hakunikumbusha neno lile la «vumilia». Nililikumbuka mwenyewe.

Mukono ulipopona, nilimuambia mama: «Tubadilishe kinga.» Mama akakataa. Akasema: «Pasta, kuuza kinga hii ni kumuzika bwana yangu mara ya pili.» Tuliongea siku nyingi. Mwishoni akasema: «Muende muone. Lakini musiniletee feza. Feza inaisha. Munirudishie kinga.»

Basi tukaenda.

Mbele jua halijatoka, tulikuwa njiani. Wale wanaofikiri kwamba Katanga ni jua tu, waje huku mwezi wa saba. Asubuhi ni baridi ya kuuma masikio, moshi wa makala unalala chini juu ya majani, na watu wa kinga wanapita wamefunika kichwa. Nyuma yetu tuliacha chuma kirefu cha mugodi kinachoonekana toka mbali, na mupaka wa Zambia ulio karibu sana na nyumba. Mbele yetu, pori na vichuguu vikubwa vyekundu. Miti mirefu ya zamani imepunguka. Tumeichoma sisi wenyewe kwa kupikia.

Tulisukuma kwa zamu. Munajua namna wanavyosukuma kinga yenye muzigo: fimbo moja inafungwa kwenye gido, ingine inasimamishwa nyuma ya kiti. Mukono mumoja unaongoza, mwingine unasukuma. Zamu yangu ilipofika, nilikamata ile fimbo ya nyuma, nikashangaa. Ilikuwa juu sana. Mukono wangu ulipanda kama wa mwanafunzi anayeomba kusema darasani. Kisha kilometre mbili bega langu liliwaka moto. Nikamutazama kijana, mufupi kuliko mimi, na nikanyamaza. Baba yake alikata fimbo ile kwa kipimo cha bega lake mwenyewe.

Jua lilipotoka, nilianza kutazama makinga ya wengine, na kweli hayafanani. Mutu murefu mumoja alikuwa na kinga yenye tiyo mbili juu, moja chini ya ingine. Kadre ya namna hii imetengenezwa kwa watu warefu na kwa muzigo muzito, sababu kadre inapokuwa kubwa inataka kufungwa zaidi isijipinde. Mama mumoja mwenye mboga alipanda kadre isiyo na tiyo ya juu, ile ambayo tiyo yake inashuka mpaka karibu na pedali. Anapanda na kushuka na kikwembe chake kwa heshima, bila kuinua muguu juu. Lakini kwa mifuko mizito kadre hiyo inajikunja zaidi, sababu haina ile tiyo ya kushikamanisha mbele na nyuma. Na watoto wawili walipita na kinga ya mukubwa, muguu umepitishwa chini ya tiyo ya juu, mwili umelala pembeni. Sisi wote tulijifunza vile, na tunacheka. Siku ile sikucheka.

Tulipoanza kuona bomba kubwa la moshi la Lubumbashi na ule mulima mweusi wa takataka za shaba, jua lilikuwa kali na miguu yetu ilikuwa imechoka. Tuliingia mu muji, mpaka kwa fundi mumoja muzee anayefanyia kazi chini ya muembe, karibu na soko. Makadre yalikuwa yametundikwa kwenye ukuta kama nyama, makubwa na madogo.

Tulimusalimia, tukamueleza habari. Hakuuliza feza. Alimuambia kijana: «Vua viatu, uvae tena vile vya kupanda nayo kinga. Simama hapa, magoti sawa.» Akachukua kitabu kikubwa kigumu, akamuambia akiweke katikati ya miguu, akikaze juu mpaka mwisho, mugongo ukiwa ukutani. Akapima toka chini mpaka ukingo wa juu wa kitabu: sentimetre 79. Kisha akapima kinga ya baba, toka chini mpaka tiyo ya juu: sentimetre 86.

Akanitazama. «Pasta, umeona? Saba zimekosa. Mutoto huyu hakuanguka sababu ya kamyo tu. Alikuwa anaanguka kila siku, ile siku moja njo alifika chini.»

Wandugu, neno lile liliniingia.

Muzee akatueleza mengine, na ninayaandika hapa kwa faida ya vijana wanaotaka kununua kinga. Namba ya kadre, 20 ao 22 ao 24, ni urefu wa ile tiyo inayoshika kiti, kuanzia katikati ya pedali mpaka juu. Kila namba ni kipimo cha kidole gumba, yaani sentimetre mbili na nusu hivi. Ile ya baba ilikuwa 24, karibu sentimetre 61. Lakini, akasema, musinunue namba. Namba haijui magurudumu. Kadre moja ikivaa magurudumu ya 28 inasimama juu kuliko ikivaa ya 26. Basi kipimo cha kwanza ni kusimama juu ya kinga, miguu yote miwili chini kabisa, na tiyo ya juu isikuguse. Nafasi ya vidole viwili ao vitatu inatosha. Anayebeba muzigo asikubali kukosa nafasi hiyo hata siku moja, sababu yeye anasimama ghafula mara nyingi.

Kipimo cha pili: keti kitini, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini. Muguu unyoshe sawa. Kisha ukiweka sehemu ya mbele ya muguu, goti litajikunja kidogo tu. Kiti kikiwa chini sana, magoti yatakuuma mbele ya kufika Kipushi. Kikiwa juu sana, kiuno kitacheza kulia na kushoto. Kiti unaweza kukipandisha, lakini acha tiyo yake ibaki ndani ya kadre kwa urefu wa vidole vinne, isivunjike na kupasua kadre.

Kipimo cha tatu: weka kiwiko kwenye ncha ya mbele ya kiti, nyosha mukono. Vidole vifike kwenye gido ao karibu nayo. Hiki ni kipimo cha wazee, si sheria, lakini kinaonyesha kama kadre ni ndefu sana kwako. Na akaongeza: «Kiti inapanda na kushuka. Gido inageuka. Lakini kadre ni mufupa. Mufupa hauwezi kuurefusha, hauwezi kuukata.»

Nilimuuliza kama ilikuwa hivi tangu zamani. Akacheka, sababu yeye anajua kinga, hajui historia yake. Nilimusaidia kidogo. Mbele ya mwaka wa 1885 makinga ya Ulaya yalikuwa na gurudumu moja kubwa sana mbele na dogo nyuma, na pedali zilifungwa kwenye lile kubwa. Wakati ule mutu alichagua ukubwa wa gurudumu kwa urefu wa muguu wake. Mwenye muguu mufupi alipata gurudumu dogo, hakuna maneno. Mwaka wa 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa kinga yake ya magurudumu karibu sawa, yenye sheni ya kuzungusha la nyuma, na makinga yetu ya leo ni wajukuu wake. Magurudumu yalikuja kuwa sawa kwa wote. Lakini miguu ya watu haikuwa sawa, na ndipo kipimo kikahamia kwenye kadre. Muzee akasema: «Kumbe! Hata wazungu walipima kwanza.»

Tukaanza kuchagua. Kijana alikuwa amekwisha kupenda moja nyekundu, rangi mupya, inayongaa. Namba 20, magurudumu ya 26. Alisimama juu yake, ikamuenea. Macho yake yaliwaka. Lakini muzee aliishusha chini, akatoa uzi. Alifunga uzi pale gurudumu la nyuma linapokaa, upande mumoja, akauzungusha mbele kwenye ile tiyo fupi inayosimama chini ya gido, akaurudisha nyuma upande wa pili, akaukaza. Kisha akapima nafasi kati ya uzi na tiyo ya kiti, kushoto na kuume. Kama kadre ni sawa, nafasi zinafanana. Hazikufanana. Upande mumoja ulizidi kwa karibu nusu sentimetre. Akapitisha ukucha chini ya maungo ya mbele, pale tiyo ya chini inaposhikana, na rangi mupya ikatoka kidogo. Chini yake kulikuwa na alama nyembamba kama unywele.

«Hii ilipiga kitu,» akasema. «Walipaka rangi juu ya kidonda. Kwa kutembea mu muji, itaenda. Kwa makala, itakuua.» Aliyekuwa akiiuza alikasirika, akaenda nayo.

Kijana alinyamaza. Mimi pia nilitaka kusema kitu juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa, lakini niliona kwamba uzi ulikuwa umehubiri kuliko mimi.

Ya pili ilikuwa mbaya ya kutazama. Rangi ya kijani iliyofifia, kiti kimepasuka. Namba 20 pia, magurudumu ya 26, tiyo ya juu sentimetre 76 toka chini. Kijana akasimama: miguu chini, nafasi ya sentimetre tatu. Uzi ukasema ni sawa. Maungo mazima, hakuna alama. Muzee akamuambia: «Panda, uzunguke muembe.» Alipanda. Alizunguka mara moja, mara mbili. Kwa mara ya kwanza nilimuona akipanda kinga, kiuno kimetulia, mugongo sawa, anatazama mbele. Hapo mbele alikuwa akitazama chini, akitafuta pedali.

Ikabaki kinga ya baba. Muzee aliizunguka polepole. Akatuonyesha vitu ambavyo hatukuviona. Tiyo ya kiti ilikuwa imewekewa chuma ndani, ipate kupanda juu zaidi kwa mutu yule murefu. Portibagaji haikuwa ile ya dukani. Alichomelesha vyuma vinene vinavyoshuka mpaka kwenye gurudumu, na aliisogeza mbele kidogo, muzigo usiinue gurudumu la mbele. Hata pedali alizipanua kwa mbao, kwa miguu yake mikubwa. Muzee akamuambia kijana: «Baba yako hakupanda kinga ya China. Alinunua ya China, kisha akatengeneza ya kwake. Ukitaka kumufuata, fanya vile alivyofanya. Usipande kipimo chake. Ujipime.»

Nilimuona kijana akigeuka upande, akijifutisha uso.

Mutu mumoja alikuwa amesimama pale muda murefu akisikiliza, baba wa watoto, murefu kama muti, aliyekuwa akisukuma kinga fupi na magoti yake yanagonga gido. Alipima ile ya baba. Ikamuenea kama aliizaliwa nayo. Alikuwa amekwisha kupatana na mwenye ile ya kijani. Basi walibadilishana mbele yetu: mwenye kinga ya kijani akapokea ile fupi ya mutu murefu na mifuko yetu miwili ya makala; mutu murefu akapata ya baba; sisi tukapata ya kijani, na hakuna feza iliyopita mukononi. Kijana aliomba kitu kimoja tu: kengele ya baba. Wakaifungua, wakaifunga kwenye gido ya kijani. Mutu murefu aliahidi: «Mwambie mama, kinga hii itaendelea kuleta bunga. Watoto wangu ni watano.»

Kijana alipanda na mufuko mumoja mudogo wa bunga. Mimi nilipanda taxi, sababu bega lilinikatalia. Nilifika Kipushi mbele yake, nikaketi na mama kando ya njia, karibu na mahali watu wanapouza mandazi. Jua lilishuka. Mama hakuuliza neno. Tulipomusikia, hatukumuona bado. Ilikuwa kengele. Mama alisimama wima, mukono kwenye kinywa, maana sauti ile alikuwa akiingojea kila jioni kwa miaka 30.

Kijana akafika, akashika fren, akaweka miguu yote miwili chini. Mama alitazama miguu ile. Kisha akasema: «Kengele ni ya baba yako. Mwendo ni wako.»

Wandugu, munajua habari za Daudi katika 1 Samweli 17. Saulo alikuwa murefu kuliko watu wote wa Israeli. Alimupenda kijana yule na alitaka kumulinda, akamuvalisha silaha zake za vita, kofia ya shaba na vazi la chuma. Silaha zilikuwa nzuri, na zilitoka kwa mufalme. Daudi alijaribu kutembea, akashindwa, na hakuona haya kusema kwamba hajazizoea. Akazivua, akachukua fimbo yake, mawe matano ya mutoni na kombeo lake. Miaka yote nilihubiri juu ya jiwe lililomuangusha Goliati. Sikuhubiri juu ya Daudi alipozivua silaha zile.

Sisi wazazi na wachungaji, tunapenda kumuambia mutoto: «Vumilia, utakua.» Mara ingine ni neno la kweli. Lakini tutoke inje kwanza, tumutazame akipanda. Uvumilivu ni wa kubeba muzigo, si wa kupanda kinga ya mutu mwingine. Na ninyi vijana, heshima kwa baba si kuanguka na vitu vyake. Mujipime mbele ya Mungu, bila haya, na rangi nyekundu isiwadanganye.

Bwana awalinde njiani.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:

1. Kwa nini Daudi hakuogopa kuzivua silaha za mufalme?

2. Ni muzigo gani tulioupa mutoto wetu kwa kipimo cha mutu mwingine?

3. Ni «kengele» gani ya wazee wetu inayofaa tuifunge kwenye kinga yetu wenyewe?